Miche Iliyokataa Kufa

Miche iliyotakiwa kufa ilikuwa inatoa maua.

Mtafiti aliitazama, kopo la maji mkononi, akatamani kuing'oa yote kwa meno. Mstari wa kushoto ulikuwa na kuvu wake kwenye mizizi, wale viumbe wadogo wanaoidaka risasi, ile metali yenye sumu, udongoni kabla haijaufikia mmea. Huo ulistahili kunawiri. Mstari wa kulia haukuwa na kuvu wala mlinzi wa aina yoyote, na ulipaswa uwe umenyauka zamani. Badala yake ulijinenepea bila haya.

Jaribio la kwanza lilikwenda vizuri: huku uhai, kule kifo, wakubwa wakapiga makofi. Tangu hapo, vurugu tupu.

"Kuna mtu ananichezea," alimwambia fundi wa maabara. "Anachota kuvu huku anapeleka kule."

"Nani mwenye nafasi hiyo, dada? Mimi hata chai sijanywa."

"Basi ni wewe."

Fundi alicheka. Yeye hakucheka. Alibadilisha kufuli, akanunua makopo mapya, akachemsha hata koleo. Miche ikazidi kustawi. Wakaguzi walikuwa wanakuja wiki ijayo, na wakiyakuta haya, mradi ungefungwa. Alikuwa amechoka, na usiku alilala amekunja ngumi.

Faraja yake ilikuwa moja tu: baba yake. Mzee ndiye aliyemletea udongo, gunia baada ya gunia, kutoka kilima cha taka za risasi nyuma ya kiwanda alichofanyia kazi ujanani. Na huyo ni mtu mwenye moyo uliotanuka! Daktari aliwaeleza vizuri. Seli za moyo zinapigiwa kelele mchana kutwa, kaza, kaza, nazo kwa utiifu wao zinanenepa, hadi moyo unakuwa mzito na kazi yake inaushinda. Vidonge huziba masikio ya seli hizo kidogo. Vikishindwa, ni kisu.

Mwezi uliopita, kliniki, daktari aliuliza, "Mzee, ngazi unapandaje?"

Binti alidakia kabla baba hajafungua kinywa. "Ngazi? Daktari, huyu anapanda kilima, anashuka na gunia begani!"

Mzee alitazama viatu vyake. "Mwanangu ananisifu mno," alisema.

Daktari alifurahi kweli. Picha ya moyo haikuwa imebadilika sana, lakini mtu wa kupanda kilima angeweza kusubiri. Foleni ya upasuaji ilikuwa ndefu, na kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa hoi. Akampa mama yule nafasi ya mzee. Binti alitoka pale kifua mbele, akasahau miche yake kwa siku nzima.

Sasa fundi, kwa kuchoka kutuhumiwa, alichota udongo wa makopo yote akaupitisha kwenye mashine. "Dada, hebu njoo. Udongo huu uliupima lini?"

"Gunia la kwanza. Lilijaa risasi."

"Na haya mengine?"

Hakuwa ameyapima. Kilima ni kilekile, nani apange foleni ya mashine kwa jambo analolijua? Akasogea kwenye kioo cha mashine, akasoma namba. Risasi haikuwepo. Ulikuwa udongo safi kabisa, wa kupandia maua ya shule.

Alikwenda nyumbani nusura aruke. Kuvu wake hawakuwa na kosa! Hasira ya miezi yote ile ilimtoka njiani, ikabaki ile ndogo ya kumtania mzee tu. Alimkuta sebuleni, miguu iliyovimba ameiweka juu ya stuli.

"Baba, umenimaliza! Udongo unauchota wapi?"

Mzee aliinua mikono kama mwizi aliyekamatwa. "Nyuma ya jiko, mama. Ulivyokuwa unanisifia kwa watu, niliona aibu kukwambia."

"Kuniambia nini?" aliuliza, bado anacheka.

"Kile kilima kilinishinda baada ya lile gunia la kwanza. Siku hizi nikifika getini tu, nakaa chini ndipo nipate pumzi."