Kipepeo cha Jikoni

Bi harusi alikuwa anasafiri jioni ile, na video ya harusi yake bado inajikongoja kwenye kompyuta ya Mshamu, mpiga video. Tangu asubuhi Mshamu alikuwa akiiongezea prosesa, ubongo wa kompyuta, kasi kupita ile iliyotoka nayo kiwandani. Kompyuta ilikuwa ya moto, wazi ubavuni, na mkewe, Zuwena, anaipepea kwa kipepeo cha jikoni.

"Mkaa naupepea uwake, hii naipepea isiwake," alisema Zuwena.

"Naongeza kidogo tu."

"Imechoka hiyo, baba Rehani. Hata mimi nimechoka, ila sina wa kunipepea."

Mshamu akaongeza kasi. Kioo kikawa cheusi, feni ya ndani ikanyamaza.

Mlangoni bi harusi akapiga hodi. Mshamu akakitwaa kipepeo mkononi mwa mkewe, akaanza kumpepea Zuwena.