Kapteni Kimondo Hafi

Tangu gari la Kapteni Kimondo litumbukie korongoni Jumamosi iliyopita, Lottie alikuwa hatii kitu kinywani ila maziwa, nayo kwa kubembelezwa.

“Miaka minane, na anagoma kula kwa ajili ya mtu wa sinema!” Virgil alisema, akijivutia bakuli la uji ambalo mpwa wake hakuligusa. “Sikiliza, kipenzi. Yale majabali mjomba wako ndiye anayeyapaka rangi. Ni maboksi na gundi. Lile roboti la adui yake, Mfalme Zebaki, ni pipa la kuchemshia maji. Likikimbia sana miguu inachomoka. Sasa unadhani ndani ya gari kulikuwa na nani? Sanamu. Pamba tupu, na kofia juu.”

Lottie alimtazama kama mwalimu anavyomtazama mtoro.

“Sanamu hukanyaga breki, Mjomba?”

“Ati?”

“Taa ya nyuma iliwaka. Kabla gari halijaanguka.”

Kijiko kilimponyoka Virgil. Aliinama kukiokota, akakaa huko chini ya meza muda mrefu kuliko kijiko kinavyostahili.

Opal, mama yake Lottie na dada yake Virgil, alikuwa kwenye sinki amewapa mgongo. Sufuria ilikuwa imetakata zamani, na bado anaisugua. Alimfuata Virgil barazani.

“Mpeleke sinema leo,” alinong’ona. “Akamwone anavyoruka. Si huwa anaruka?”

“Kila wiki, dada. Jumamosi hii wanamuua, Jumamosi ijayo anajipangusa vumbi. Ndiyo kazi yetu.”

“Basi akamwone, arudi ale. Mbavu zake naweza kuzihesabu.”

“Twende wote.”

“Mle siingii, Virgil. Usinilazimishe.”

Hakumlazimisha.

Njiani alipiga mluzi, lakini mluzi haukutoka vizuri. Filamu za vipande, zile za kipande kimoja kila Jumamosi, wanaozitengeneza wana desturi yao: hadithi haifuatwi, inafuatwa pochi. Lililo rahisi kurudiwa hupigwa picha kwanza. Litakaloharibu kitu husubiri mwisho. Kule Chatsworth, kwenye majabali ya kweli, kuruka kulipigwa Jumanne. Kuanguka kukapigwa Alhamisi, kwa sababu gari lilikuwa moja, na gari moja haliangushwi mara mbili. Kisha mkata filamu akaja na mkasi wake, akaiweka Jumanne baada ya Alhamisi, na watoto wa nchi nzima wakapiga makofi.

Sinema ilikuwa imefurika watoto, bisi zikiruka kama mvua ya mawe. Kitambaa cha picha kikawaka mwanga. Roboti likaja likitikisa mikono yake ya bomba, na Virgil akaona kwa aibu jabali alilolisahau kulipaka upande mmoja.

“Pipa hilo!” alipiga kelele mvulana wa nyuma, mapengo mawili mbele. “Pipa limekuja kuoga!”

Kisha likaja gari. Lile lile la wiki iliyopita, kona ile ile, vumbi lile lile. Virgil alifumba macho.

“Tazameni mzee anaogopa!” Mapengo alicheka. “Mshikeni mkono mzee!”

“We, tafuta meno kwanza,” Virgil alimjibu, macho bado kayafumba.

Alisikia mlio wa matairi. Alisikia ukumbi mzima ukivuta pumzi. Halafu akasikia kiti cha jirani yake kikigonga, akafumbua.

Lottie alikuwa amesimama juu ya kiti. Kwenye kitambaa mlango wa gari ulifunguka, mtu akaruka, akabingirika majanini, akainuka amewapa mgongo watazamaji. Akajipangusa magoti kwa mkono wa kushoto. Picha ikakatika, na pale pale akatokea Kapteni Kimondo mwenyewe, uso wake mkubwa umejaa kitambaa, nywele zimechanwa, hana hata doa.

“Wezi!” Mapengo alifoka. “Wiki jana hakuruka! Mimi niliona! Alikwenda na gari mpaka chini!”

“Aliruka!” Lottie alimgeukia, sauti imejaa ukumbi. “Huna macho? Aliruka!”

Mashavu yake yalikuwa mekundu. Virgil hakuwa ameona rangi hiyo usoni pake tangu majira ya kuchipua.

Walirudi kwa miguu. Lottie alikuwa akiruka mistari ya lami, halafu akasimama ghafla.

“Mjomba, wewe ulikuwepo. Kipi kilitangulia? Kuruka au kuanguka?”

Virgil alisimama naye. Swali lenyewe lilikuwa dogo, na jibu lake analijua kuliko jina lake. Aliitazama ile mikono myembamba. Akafikiria sahani zilizorudi zimejaa wiki nzima.

“Si umeona mwenyewe?” alisema. “Aliruka. Gari likaenda zake, tupu.”

“Kweli?”

“Kweli tupu.”

Jioni ile Lottie alikula maharage, akaongeza. Alikula mkate wa mahindi, akaufuta mchuzi hadi bakuli likang’aa. Opal aliutazama mdomo wa mwanawe ukitafuna kama mtu anayesikiliza habari njema redioni. Kisha akaunyoosha mkono juu ya meza, akamfinya Virgil kidole, naye Virgil akamkonyeza. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, jiko lile lilikuwa na watu wanaokaribia kucheka.

Lottie alisukuma bakuli, akajifuta midomo kwa kiganja.

“Mama,” alisema, “kesho turudi makaburini tukawaambie wafukue. Pale mmemzika mtu mwingine. Baba aliruka badala ya Kapteni, hata Mjomba amesema.”