Ua la Dirishani

Siku kiti cha binti yake kilipobaki kitupu kiwandani, mama alikuwa hospitali akibishana na daktari.

"Figo zake zimechoka, mama. Alikuwa anakunywa maji?"

"Mwanangu? Namjazia chupa mwenyewe kila asubuhi. Jioni inarudi haina hata tone. Maji ni uhai, daktari, nani asiyejua?"

Daktari akakuna kichwa. Wiki ile ile wakazika.

Kiwanda cha nguo kikaleta salamu za pole, na juu yake ujumbe: kiti kipo, kama marehemu ana mdogo wake. Alikuwa naye mmoja. Na nyumbani jiko lilikuwa limeanza kulala baridi.

Mama akamsindikiza bintiye aliyebaki, apate pia kuchukua vitu vya marehemu. Cherehani zilinguruma safu kwa safu. Fundi mmoja aliinuka, akamwendea msimamizi, mwanamume aliyening'iniza ufunguo wa choo kiunoni.

"Wewe tena?" msimamizi akapaza sauti. "Una kibofu au una chujio?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Fundi akarudi kuketi.

Msimamizi akamgeukia mama, uso umelainika. "Pole sana, mama. Marehemu alikuwa mfano hapa. Miaka yote ile hakuniomba ufunguo hata siku moja."

"Alilelewa," mama akajibu, machozi yakimlenga.

Akakusanya sweta, kandambili na mkasi. Dirishani, kando ya cherehani, palikuwa na ua ndani ya kopo la rangi, majani yake mapana, mabichi kama yamenyeshewa jana. Kwenye madirisha mengine makopo yalikuwa na vijiti vikavu tu.

"Hili nakuachia wewe," akamwambia mdogo mtu. "Litunze."

Siku hizi chupa ile ile anaibeba mdogo mtu. Jana jioni mama aliipindua juu ya kiganja chake. Haikudondosha kitu.

"Umekunywa yote?"

"Yote, mama."

"Na ua la dada yako, halijakauka?"

Binti akainama, akavua viatu taratibu.

"Halijakauka, mama. Limechanua."

Mama akabaki amesimama, chupa mkononi. Asubuhi akaijaza.