Sala ya Kabedi

Théodore aliikariri sala ya mke wake neno kwa neno, na hakuelewa hata moja.

Kila alfajiri Kabedi alipiga magoti kando ya kitanda, akasali kwa Tshiluba, lugha ya mama yake. Sala ilikuwa fupi na haikubadilika. Théodore alikuwa Musanga, wa kabila na lugha nyingine. Katika ndoa yao yote hakujisumbua kujifunza hata salamu ya kuwapa wakwe. Sasa alikuwa na muda. Tangu shimo lilipomporomokea kwenye machimbo nje ya Likasi, miguu ilikufa, na mikono ikabaki imelala juu ya blanketi kama ya mtu mwingine.

Kabedi alimwogesha, alimgeuza asipate vidonda, alimlisha bukari tonge kwa tonge. Kanisani wamama walimtaja kuwa mfano. Walipomwita mbele atoe ushuhuda, hakuinuka.

"Mambo ya nyumbani, Mungu anayaona," alisema tu.

Théodore aliyajua mambo ya nyumbani. Kabla ya ajali, Jumapili alikuwa diakoni mwenye sauti ya kutikisa mabati. Akirudi, alifungulia redio kwa nguvu ili majirani wasisikie kingine. Kabedi alivaa nguo za mikono mirefu hata kwenye joto la Oktoba.

Kulala chali kulimlazimisha kukumbuka. Akaanza kulia, na safari hii hapakuwa na waumini wa kumtazama.

"Kabedi, unisamehe," alimwambia asubuhi moja.

Kabedi alimfuta shavu kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu.

"Basi unifundishe ile maombi yako. Tuombe pamoja, weye na minye."

"Ile ni ya minye na Mungu, papa."

Kwa hiyo akasikiliza. Siku baada ya siku midomo yake ilimfuata, bila sauti, macho yamefumbwa. Akaanza kupata usingizi. Mtu anayeombewa hivi, alijiambia, tena na mwanamke ambaye yeye mwenyewe alimtesa, Mungu hawezi kumwacha.

Siku Pasteur Kalombo wa kanisa lao alipokuja kumwekea mikono, Théodore alimzuia.

"Pasteur, leo ni minye nitaomba. Kwa Tshiluba."

Kalombo, mzaliwa wa Mbuji-Mayi ambako Tshiluba ndiyo lugha ya nyumbani, alicheka kwa furaha. "Eh! Diacre amekuwa Muluba!"

Théodore akafumba macho. Akaisema polepole, bila kukosea, machozi yakimtiririka hadi masikioni.

Pasteur hakuitikia amina.

"Diacre, unajua ile maneno inasema nini?"

"Ni bibi yangu anaiombaka kila siku. Anamuomba Mungu aniponeshe."

Kalombo akamgeukia Kabedi, kama mtu anayetafuta kusaidiwa. Kabedi aliweka sahani chini. Hakuinamisha uso.

"Umuambie, Pasteur. Minye sisemaka uongo mbele ya Mungu. Na mbele ya huyu pia sitasema."

Kalombo alisogea kitandani. Kisha akaishika mikono ya Théodore, ambayo haikuhisi kitu.

"Inasema: 'Baba, asante kwa kumuangusha. Usimuinue tena.'"