Usaili Ndani ya Koti la Mjomba

Koti lilikuwa la mjomba, na mjomba ni mtu wa tumbo. Kijana alikunja mikono ya koti, akakimbia nalo korido nzima likimpepea kama pazia. Alikuwa amechelewa, kama kawaida yake.

Leo hapakuwa na mchezo. Usaili wenyewe ulikuwa wa mazoezi tu, lakini atakayeanguka hapelekwi hotelini kujifunza kazi. Anabaki shuleni likizo nzima, anafyeka majani.

Mwalimu alishawaambia: wasaili ni wageni, hawamjui mtu. Kijana akaona mlango uko wazi, meza, na watu watatu wamekunja nyuso. Akajitosa ndani.

"Umechelewa," alisema mama wa katikati, mwenye miwani.

"Samahani, mheshimiwa. Foleni."

"Kaa. Mbona mdogo hivi?"

"Sura tu inadanganya, mheshimiwa."

Mzee wa pembeni akaguna. "Haya. Mwanafunzi anataka kutoroka. Anapitia wapi?"

Kijana akavuta koti mabegani. Yeye alikariri kukaribisha wageni na kupokea mizigo. Huu si mtego huu? Akawaza majani ya likizo nzima, akaona bora kusema.

"Nyuma ya vyoo. Ukuta ulibomoka, ukazibwa kwa bati. Bati lenyewe halina misumari."

Wakatazamana.

"Na simu wanaficha wapi?"

"Kwenye mkate. Unautoboa chini, unaitia, unaufunika. Nani atakagua mkate?"

"Lahaula! Na akija analia, eti bibi yake kafariki, anaomba ruhusa?"

"Muulize ni bibi wa ngapi. Humu kuna watu wameshazika mabibi mpaka wa jirani."

Mzee alicheka mpaka akapaliwa. Mama mwenye miwani hakucheka. Alimkazia macho.

"Haya yote umeyajulia wapi?"

"Uzoefu, mheshimiwa. Nimeyafanyia kazi kwa mikono yangu."

Mama akavua miwani, akasimama, akampa mkono.

"Mwaka mzima sisi bodi ya shule tunabadilisha walinzi kama soksi. Geti ni lako, baba. Anza sasa hivi, na asitoke mtoto hata mmoja."

Chumba cha pili, meneja wa hoteli alikuwa akimpigapiga mgongoni mzee mmoja mwenye rungu kwapani.

"Umefaulu, mwanangu," alimwambia. "Ila hizo mvi! Punguza kuhangaikia mitihani."