Kengele Imenyamaza

Katika ofisi ya kuwatumia wagonjwa ujumbe wa simu, walipoziondoa programu zote za zamani za kompyuta wakabaki na moja mpya, waliing'oa pia kengele ya ukutani. Ilikuwa ikilia kila ujumbe wa kumkumbusha mgonjwa kumeza dawa uliposhindwa kufika.

"Sikieni utulivu huu wa mwezi mzima!" alisema Kiondo, mkuu wao. Ofisi nzima ikapiga makofi.

Mwatatu, aliyeiunganisha kengele ile, hakupiga. Alitoka nje akampigia simu mama yake, mgonjwa wa presha.

"Mama, ujumbe wa dawa unaupata?"

"Mbona una mwezi sasa tangu ukome, mwanangu. Nikashukuru Mungu. Nikajua daktari kaona nimepona, nami nikaacha vidonge."

Ndani makofi yalikuwa hayajaisha. Juu ya kabati kengele ilikuwa imelala kifudifudi, waya wake ukining'inia.