Seti ya Wageni

Tunu alitandika shuka jeupe mezani, akapanga seti ya vyombo vya wageni, akaipiga picha na kuiweka mtandaoni iuzwe, bei ikiwa chini ya picha. Miaka yote ya ndoa yake, hakuja mgeni aliyeonekana kuistahili. Sasa alitaka oveni, aoke mikate ya kuuza, asiombe tena hela ya sabuni.

"Wifi, una akili kweli?" aliuliza Mwanahawa, dada wa mumewe. "Shangazi yako ndiye aliyekupa hivyo vyombo siku ya harusi. Na mtandaoni yumo!"

"Najua yumo."

Simu ikaita. Alikuwa shangazi. Mwanahawa akaziba mdomo kwa kanga.

"Sema ni vya jirani," akanong'ona.

Tunu akapokea, akaweka spika. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hizo sahani za maua ya zambarau ni zile nilizokupa?"

"Ndizo, shangazi. Hazijawahi kutiwa hata wali. Nataka kununua oveni."

Mwanahawa alifumba macho kama anayesubiri kofi. Tunu alisimama wima.

"Bei hiyo ni ya kutupa," shangazi akasema. "Pandisha. Na picha umepigia gizani, maua hayaonekani. Ukimaliza, uje kwangu na hiyo simu."

Hakukata. Wakasikia ufunguo ukizungushwa, mlango wa kabati ukilia, kisha sahani ikiwekwa mezani, na nyingine juu yake, na nyingine.